Jogoo wa Haji Idris: tulivyoezeka nyumba ya wajane Juba

Wakuu, habari za huko mliko. Wa Bwana asifiwe itikieni, wa salaam aleikum itikieni, mimi nimeishi na wote.

Kuna jambo nimelifungia kifuani tangu miaka ya sabini, na wiki hii nimepata ruhusa ya kulitoa. Ni kweli tupu. Nikitia chumvi, humu kuna wazee wenzangu wa Juba, wanikamate.

Amani ya kusini na kaskazini ya Sudan ilipotiwa saini tulirudi kutoka Uganda, wengine kwa lori, wengine kwa miguu. Nilikuwa binti wa ishirini na kitu, najua kupiga taipu, na mdomo ninao. Ndiyo maana nilichaguliwa katibu wa chama chetu cha kusaidia wajane, wala sioni haya kusema nilikuwa katibu mzuri.

Wajane wenyewe walikuwa mama zetu waliorudi wakakosa pa kwenda. Mmoja, Mama Poni, alifika kwao akakuta kichaka, ndugu hakuna hata mmoja. Akarudi mjini akawa analala na wenzake kwenye baraza la duka lililofungwa, kule Hai Jalaba.

Tukasema hapana, hii aibu ni yetu. Tukapewa kiwanja karibu na Hai Cinema, tukafyatua matofali wenyewe, tukapandisha kuta. Mama Poni alibeba maji ya udongo kila siku na hakuna aliyeweza kumzuia.

Shida ikawa paa. Matofali yetu yalikuwa mabichi, hatukuwa na kuni za kuyachoma. Mvua ikinyesha kabla ya kuezeka, kuta zinarudi kuwa tope na wajane wanarudi barazani.

Na mabati Juba nzima wakati ule alikuwa nayo mtu mmoja, Haji Idris, mfanyabiashara kutoka kaskazini. Yalikuja kwa meli ya mtoni, akayapanga stoo kwake. Tukamwalika awe mgeni rasmi kwenye mnada wa kuchangisha.

Sasa hapa naomba mnielewe vizuri.

Sisi wa kutoka Uganda tulizoea mnada wa kanisani. Analetwa jogoo, watu wanapandisha bei, anayeshinda analipa halafu anamrudisha ili auzwe tena. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mpaka achoke yeye mwenyewe. Kumrudisha ndiyo heshima, watu wanakupigia vigelegele.

Haji hayo hakuyajua. Na sisi, kwa kuzoea kwetu, hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Lado, ndiye alikuwa dalali. Haji akapandisha bei mpaka wote wakanyamaza. Akalipa, akakabidhiwa jogoo wake, uwanja mzima ukashangilia. Kisha Mwalimu akanyoosha mkono amchukue tena.

"Haya Haji, leta hiyo jogoo, tunauza tena!"

Haji akamkumbatia jogoo. "Unauza nini? Mimi iko nalipa, kalas, imekwisha. Hii kuku ni yangu."

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Mwalimu akamshika jogoo mguu, akavuta.

"Ya jamaa!" Haji alisimama. "Mtu anauza kitu moja mara mbili, kwetu sokoni tunaita mwizi."

Akaondoka na kanzu yake nyeupe, jogoo kwapani, manyoya yanapeperuka. Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Kamati ikakaa kikao pale pale. Huyu anasema Haji ni bahili, yule anasema watu wa kaskazini ndivyo walivyo, vita haijatoka moyoni. Mimi nikachemka. Mawingu yamejikusanya juu ya kuta zetu, na watu wazima wanajadili roho ya Haji!

Kesho yake nikaenda dukani kwake peke yangu. Aliniacha nikae kwenye gunia la sukari hadi wateja walipoisha, ndipo akaniletea chai. Nikamweleza desturi ya jogoo, mwanzo mpaka mwisho.

Alisikiliza akikunja uso. "Sasa mwisho nani anakula?"

"Mara nyingi mchungaji," nikasema.

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akawa mpole, akaniambia kilichomchoma hasa. Yeye alikuja kwa heshima yetu, akanunua jogoo kama mtu anavyonunua jogoo. Sadaka yake ilikuwa jambo lingine kabisa. Mabati alishayatenga stoo kabla ya siku ya mnada, na kwake sadaka haipigiwi kelele na dalali.

"Binti, mabati chukua leo. Lakini jina langu usiseme. Mpaka mimi nakufa."

Nikaapa. Jioni ile mabati yalishushwa kiwanjani, mafundi wakapigilia misumari, na mvua ya kwanza iliponyesha Mama Poni alikuwa ndani, amekaa kavu, anaimba.

Kamati wakanibana: nani katoa? Nikasema mfadhili hataki kutajwa. Wao wakaamua lazima ni mzungu. Siku ya ufunguzi Mwalimu Lado akamshukuru kwa hotuba ndefu mzungu mmoja aliyekuwa anapita tu, naye akaitikia kwa kichwa kwa adabu.

Kisha Mwalimu akasimulia kisa cha tajiri bahili aliyekimbia na jogoo. Akaigiza na zile mbio. Watu wakavunjika mbavu.

Haji alikuwepo, amekaa benchi la nyuma, chini ya mabati yake. Alicheka kuliko wote. Mimi nilitoka nje nikalia kwa hasira, maana mdomo wangu wote ule siku hiyo haukuwa na kazi.

Miaka mingi imepita. Sasa naishi Gudele, hapa hapa Juba, na juzi mwana wa Haji alinipigia kutoka Khartoum: baba amefariki.

Nimejifunza hivi, hasa kwa nyie wenye NGO na mabango ya picha: kabla hujamsimamisha mtu mbele ya watu, muulize kwanza kwao watu hutoaje. Wengine ukiwataja umewaumiza.

Mnaoendesha vyama vya msaada, semeni hapa chini yaliyowakuta. Wa Juba wa zamani, mliocheka siku ile, nanyi andikeni.

Mabati yalikuwa ya Haji Idris. Mzungu hakutoa hata msumari.