Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Nikifungua kopo la dawa, ile harufu chungu hunirudisha uani kwetu Ruhembe. Mdogo wangu alikuwa na homa kali, na mama alikuwa akifungua pindo la kanga alimohifadhi vidonge vilivyobaki nilipougua mimi. Wanafunzi wa famasia walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kufundisha matumizi ya dawa. Binti mmoja akaingia.

"Shikamoo, mama. Hivyo ni vya nani?"

"Marahaba. Vya kaka yake."

"Huyu anahema haraka, mama. Huenda si ugonjwa uleule. Twende zahanati akapimwe."

Mama alimtazama, kisha akampa mtoto ambebe. Ilikuwa nimonia.

Mdogo wangu aliporuhusiwa, mama aliwapelekea wanafunzi miwa, akakuta wameshaondoka. Tukaila sisi, na mdogo wangu akadai kipande kikubwa.