Droo ya Kombe na Mdogo Wangu wa Unguja

Mpira unanitoa adabu, hilo mtaa wetu wa Tibirinzi, hapa Pemba, mzima unajua. Mwanamke mtu mzima, na baibui langu, namzomea refa mpaka sauti inakauka. Ugonjwa huu nilimwambukiza mdogo wangu wa kiume. Naye akahamia Unguja kikazi, akaoa huko huko, na msaliti yule akaanza kushangilia timu ya huko.

Enzi hizo kombe lilikuwa na mpango wake. Pemba tulicheza wenyewe kwa wenyewe, Unguja nao kwao, mtoano mtupu: ukifungwa, umekwenda na maji. Aliyebaki huku na aliyebaki kule ndio waliokutana fainali. Kwa hiyo timu yangu na yake zingeweza kuonana siku ya mwisho tu, na fainali ikiletwa kwetu, mdogo wangu alikuja. Tulibishana uwanjani, tukarudi nyumbani tukala tumenuniana. Nilizipenda siku zile kuliko sikukuu.

Siku hizi timu za visiwa vyote viwili zinatiwa kwenye droo moja tangu raundi ya kwanza. Wengi walinung'unika, mie nilifurahi. Nilijua sasa atakuja mara kwa mara. Tangu mama afariki tumebaki wawili, na nyumba imekuwa kubwa mno kwangu.

Mwaka huu droo ikaileta timu yake Gombani, uwanja wetu, icheze na yangu. Nikampigia simu.

"Inshallah, dada," akasema. "Ntakuja na boti."

Nikapika. Nikawahi uwanjani, nikaweka mkoba pembeni yangu kumshikia nafasi. Watu waliponiuliza kama pana mtu, niliwajibu kwa ukali kwamba pana mtu. Mpira ukaanza, na yeye hajafika. Timu yangu ikafunga; nikainuka kumtafuta wa kumcheka, nikakaa tena. Niliona haya kuwa mpweke mbele ya watu wote wale.

Wakati wa mapumziko simu ikalia. Alikuwa yeye, anacheka.

"Dada, nshakuona! Wanaonyesha mubashara, nakutazama kwenye simu hapa nyumbani. Boti ya nini tena siku hizi? Lakini hebu nambie, huo mkoba unamwekea nani nafasi?"

Nikamwambia hakuna mtu. Nikauchukua mkoba, nikaupakata, na mama mmoja aliyekuwa amesimama muda wote akanishukuru, akakaa.