Kompyuta Isiyojua Kwamba Imekufa

Shida zilinianza mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alipozikwa nami nikatolewa darasa la nne kwenda kuchunga ng'ombe wa watu. Tangu hapo sijawa mtu wa kuogopa ovyo. Lakini wiki mbili zilizopita niliogopa. Nilikuwa kiwandani kwangu hapa Nakuru, tunapochanganya chakula cha kuku na ng'ombe, simu ikalia. Alikuwa mke wa fundi wangu wa kompyuta. "Mzee, ametuacha. Ni kifua, leo asubuhi." Ningependa kuwaambia nyinyi mnaonisoma kwamba nililia. Sikulia. Niligeuka nikaitazama ile kompyuta mezani.

Wacha niwaeleze kwa nini. Mizani yetu inaongozwa na programu moja ya zamani. Ndiyo inayojua mahindi kiasi gani, dagaa wa omena kiasi gani, chumvi kiasi gani. Ikikosea chumvi, vifaranga wa watu wanakufa, na watu wenyewe ni akina mama wa Kaptembwo wanaofugia nyuma ya nyumba, na wakulima wa Kabazi wasio na kingine. Waliotuuzia programu hiyo walifunga duka kitambo, na kompyuta iliyoibeba ilianza kukoroma kama mgonjwa. Kila fundi aliniambia nitupe vyote ninunue vipya. Huyu aliyetuacha, mwembamba, mwenye tabia ya kucheka peke yake, alisema: "Mzee, mwili ndio umechoka. Mwenyewe bado mzima. Tutamhamisha."

Alinakili diski nzima jinsi ilivyokuwa, akaitia ndani ya kompyuta mpya, ikawa kompyuta ndani ya kompyuta, imefunguka kwenye dirisha kama televisheni. Mara ya kwanza iliwaka, ikageuka buluu, ikazima. Ikawaka tena, buluu tena. Nikamwambia, "Umeiua." Akacheka. "Haijafa, mzee. Inatafuta diski yake ya zamani na haioni. Imeamka kwa nyumba ya wenyewe, inapapasa ukuta." Akabadilisha mpangilio, kompyuta mpya ijifanye ina diski ya aina ile ya kale, basi ikasimama. Picha ileile ya fahali wangu, niliyoiweka kwenye kioo cha ile ya zamani, ikatokea, na kazi tuliyoacha nusu ikiwa palepale. Nywele zilinisimama. Kitu kile hakikujua kwamba kimetolewa mwilini mwake.

Nikamwambia tuiwashe na ile ya zamani pia, ziwe mbili, moja ikichoka nyingine ishike kazi. Akaruka. "Usijaribu! Zina jina moja na anwani moja kwenye waya wa ofisi. Zitagombana, kazi yote isimame." Nikamjibu kwamba kwetu mjukuu huitwa jina la babu yake na hawagombani. "Sawa, mzee. Na huyo mjukuu anakalia kiti cha babu, babu akiwa bado amekikalia?" Wafanyakazi walicheka mpaka vumbi la pumba likawapalia. Ile ya zamani tukaivika gunia, tukaisukuma stoo.

Tulimzika kwao Kabazi. Pale kaburini nikaona kitu ambacho bado kinaniamsha. Mwenye kisima cha maji alininong'oneza, "Sasa kompyuta yangu nitampelekea nani?" Karani wa kanisa akageuka, naye alikuwa akiwaza hilohilo. Tulikuwa tumesimama pale wazee wazima, tunaimba, na kila mmoja anafikiria mashine yake. Mji mzima tunajisifu tumeendelea, kumbe tumening'inia kwenye pumzi ya mtu mmoja mwembamba.

Jumatatu stima ikapotea. Iliporudi, binti wa ofisi aliwasha kila kitu, akaniita kwa sauti ndogo. "Mzee, imewaka. Lakini haioni mizani." Nje wateja walikuwa wamejaa, maboda boda yakingoja magunia. Kisha nikakumbuka neno alilolisema fundi siku moja akinywa chai, wala sikuwa namsikiliza vizuri: "Huyu wa ndani ni mgeni. Hafungui kabati. Kila kitu lazima mwenye nyumba ampe kwa mkono."

"Mpe waya wa mizani," nikasema.

"Nimpe nani?"

"Huyo wa ndani! Mwenye nyumba ndiye ameushika."

Akatafuta juu ya lile dirisha la kompyuta, akapata orodha ya vifaa, akabonyeza. Mizani ikaandika sifuri. Tukaweka jiwe la kilo ishirini, ikasoma ishirini. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa chini. Hilo ni neno moja nililolisikia kwa bahati. Mengine mangapi tumeyafukia Kabazi?

Kama unaye mtu kama huyo, keti naye akiwa bado anapumua, aseme kwa sauti, na mwingine asikie. Nasema hivi nikijua kwamba mchanganyiko wangu wa chakula cha mbuzi uko kichwani mwangu tu, na kichwa hiki hakuna wa kukinakili. Nimeanza kumwambia yule binti, kidogo kidogo, kila asubuhi. Kuna siku naogopa sitamaliza.

Leo nina ploti ya kiwanda, mashine mbili za kusaga, lori moja, ng'ombe tisa na yule fahali. Nina kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta, na mwili wake stoo ndani ya gunia. Fundi sina.