Gome la Msesewe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile tulipoukuta mti wa msesewe wa Baba Mkubwa mweupe kama mfupa, kuanzia kimo cha goti hadi pale mkono wa mtu mrefu unapofika. Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na vijana wakashuka sokoni Kiboriloni kuuza mitumba. Kaka yangu Aloyce alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepanda kurudi nyumbani kujiandaa kuoa, na mchumba wake alitoka upande wa Mkuu, kwa watu wanaoijua mbege, pombe yetu ya ndizi.

Wewe unaletewa mbege imeshaiva, hujui ilikopita. Ndizi huchemshwa, ulezi huoteshwa na kusagwa, lakini bila gome la msesewe lililokaushwa na kutwangwa, utakunywa uji mtamu tu. Uchungu ndio unaoifanya iwe pombe. Na kwetu msesewe ulibaki mmoja, kando ya mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na babu zetu. Ukoo wote ulikuwa ukienda kuomba gome kwa Baba Mkubwa, kaka wa baba yetu. Alikuwa akibandua mwenyewe, peke yake, kisha anakuletea mkononi. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya.

Wakati huo Baba Mkubwa alikuwa Himo kwa binti yake. Aloyce hakutaka kungoja. Alichukua panga akauvua mti kuzunguka, maana gome la msesewe likishaanza kubanduka hutoka vizuri. Mtaka yote hukosa yote, lakini hilo huonekana baadaye.

Mzee aliporudi alitukuta tumesimama pale mferejini. Aloyce alimsalimia shikamoo huku akiangalia maji.

"Marahaba. Nani amemvua huyu mzee nguo?"

"Ni mimi, Baba Mkubwa. Niliona nichukue la kutosha, nisikusumbue tena."

Shangazi yetu akadakia, "Amedhani ni belo la mitumba huyo. Likifunguliwa, kila kitu nje."

Watu walicheka kidogo, kisha wakangoja ukali. Hata mimi niliungoja. Baba Mkubwa aliuzunguka mti, akaugusa, akakaa kwenye jiwe.

"Nilikufundisha kuinywa mbege," akamwambia Aloyce. "Sikukufundisha kubandua. Kosa hili tugawane, na fungu kubwa ni langu."

Akaagiza waitwe vijana wote, hata wa jirani ambaye hakuwa akisalimiana naye kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Shangazi akamnong'oneza kwamba hao watakuja kutuibia.

"Mwizi anayejua kubandua huacha mti," akajibu.

Tukaupaka msesewe matope yaliyochanganywa na samadi, tukaufunga kwa maganda ya mgomba. Tukifanya kazi, alisema aliyokuwa ameyaficha. Gome huchukuliwa upande mmoja, ukanda wa kusimama usiozidi upana wa kiganja, na kidonda hupakwa matope siku ileile. Haparudiwi mpaka pafunge. Akatutembeza pia kutuonyesha miti mingine. Mringaringa ndio unaochongwa mzinga wa nyuki. Mtarakwa wa juu msituni, hata mvua ikinyesha, ukichambua gome lake ndani utapata nyuzi kavu za kuwashia moto. Binti wa yule jirani aliuliza sana kuliko sisi. Kuuliza si ujinga.

Sitakudanganya, mwanangu, msesewe ule haukupona. Ulikauka kuanzia juu. Ila kabla ya kufa ulizaa mno, na Aloyce aliokota mbegu, akaziotesha kwenye kivuli cha migomba, akapanda miche kando ya mfongo. Mingi ilikufa. Michache ilishika. Harusi ilipita, mbege ilisifiwa, na kaka yangu hakuonja hata kata moja.

Mwaka jana tumemzika Aloyce humohumo kihambani. Mbege ya matanga ilihitaji gome, nikachukua panga nikateremka mferejini. Nilimkuta mtu ametangulia. Alikuwa binti yule wa jirani, sasa ni mama wa watoto wakubwa. Alikuwa amebandua ukanda mmoja, wa kiganja, kwenye msesewe wa Aloyce, na mikono yake ilikuwa na matope.

"Pole, dada," aliniambia. "Nilijua mtalihitaji."

Nilishika ndoo ya matope, tukamalizia kupaka.

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nasema kwa kifupi. Unachokijua juu ya mti, mwambie mwingine ungali na pumzi, na usichague wa kwenu tu. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Baba Mkubwa alificha maarifa kwa kuupenda mti, na mti ukafa kwa sababu hiyo. Alipoyatoa mbele ya watoto wa mtu asiyesalimiana naye, ndiyo yaliyokuja kutuhani msibani.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mkono unaojua kuchukua, na unaojua kubakiza.