Nilimwona Mwanaye Vitani, Nami Sikutoka Nyakato

Admin, jina langu lifiche kabisa, humu wengi wananifahamu. Mimi ni mwanaume wa miaka 58, naishi Ilemela, nina mke na wajukuu.

Miaka ya tisini, magazeti binafsi yalipochipuka kama uyoga, niliajiriwa na kigazeti kimoja hapa Mwanza. Nchi jirani kulikuwa na vita na kila mtu alitaka habari zake. Mhariri hakuwa na uwezo wa kunipeleka, akanifungia kwenye chumba Nyakato, hapa hapa mjini, na redio moja ya kusikilizia habari za vita. "Wewe sasa uko vitani. Nisisikie umeonekana sokoni!" Basi nikawa nakula wali maharage nikiandika kwamba risasi zinapita juu ya kichwa changu. Sitadanganya tena, nilikuwa naona raha.

Siku moja betri za redio ziliisha na ukurasa haujajaa. Nikabuni dereva wa lori, kijana wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, mwenye pengo, kwamba nimemkuta kambini mzima na anamsalimia mama yake. Kamanga niliitaja tu, bila kumjua mtu wa huko.

Kumbe Kamanga kulikuwa na mama ambaye mwanaye, dereva, alipotelea huko huko, na pengo alikuwa nalo. Siku gazeti linafika, ukoo ulikuwa umeshakata mgomba wa kuzika badala ya mwili, kama desturi yao mtu asipopatikana. Mama akautupa mgomba, akawatawanya waombolezaji, akavuka na kivuko mpaka ofisini kwetu.

"Baba, wewe ndiye uliyemwona? Amekonda?"

Mhariri akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikajibu, "Hapana mama, ana afya nzuri tu." Mjinga mimi!

Tangu siku ile ananiita mwanangu. Kila mwaka ananiletea samaki sato wakavu na kuniomba nimsimulie upya, nami namsimulia. Mke wa yule dereva alikatazwa kuolewa, kwa kuwa mumewe yu hai. Hadi leo yuko pale pale, nywele zimekuwa nyeupe. Nikimsalimia nashindwa kumtazama usoni.

Sasa mama anaumwa sana. Ukoo unataka kuzika mgomba ili mambo yaishe, yeye hataki. Amewaambia, "Aliyemwona yupo, mwiteni aseme."

Nimeitwa Jumamosi. Mke wa yule dereva naye atakuwepo. Ndugu zangu, mnishauri bila kunitukana: nikisimama mbele ya wanawake hao wawili, niseme nini?