Siku Niliyowaonyesha Akina Dada Kona Mbaya

Nusu ya mtaa wetu wa Munyaka wameshaisikia na wanazidi kuiongeza chumvi, kwa hivyo wacha niiseme mwenyewe: mimi, mzee wa wajukuu tisa, nilitolewa ndani ya rundo la matikiti mbele ya watu nikiwa na kiatu kimoja.

Ilikuwa zile mbio za baiskeli za siku nne, ya kwanza kuzunguka Kaptagat, ya pili kutoka Eldoret kupitia Iten mpaka chini kwenye bonde la Kerio, ya tatu kupanda mlima wa ng'ambo (nikifikiria tu, magoti yananiuma), ya nne kurudi. Kabla mbio hazijaanza, timu moja ya akina dada ikauliza nani anajua ule mteremko, wakaletwa kwangu, maana nimeshusha viazi huko kwa blackmamba, ile baiskeli nzito ya chuma, miaka mingi. Nahodha wao, Atieno, akaniambia, "Mzee, tuonyeshe tu kona mbaya. Mmoja wetu akianguka hapo siku ya mbio, sisi tumekwisha."

Walitaka nikae kwa gari yao. Nikakataa, mimi nitashuka na baiskeli yangu, tena nikavaa viatu vya harusi ya binti yangu.

"Baba Chebet," mke wangu akauliza, "na breki utashika na nini?"

(Blackmamba yangu haina breki tangu zamani. Sisi watu wa viazi tunakanyaga tairi la mbele na akala, ndala za tairi la gari, raba kwa raba, inatulia kama ng'ombe anayekamuliwa.)

"Kutakuwa na watu wa picha," nikamwambia. "Siwezi pigwa picha na akala."

Basi pale Iten tukaanza kushuka, na wale dada, jameni! Wameinama kama mwewe, hakuna anayeongea, wa mbele akiinua mkono wote wanajua kuna shimo, nikasahau kazi yangu nikabaki kutazama. Kukumbuka kukanyaga tairi, soli ya ngozi ikateleza kama sabuni, nikawapita wote!

"Mzee, polepole!" Atieno akapiga kelele.

"Siwezi!"

Na kona ndiyo hiyo, kokoto tupu, na mama wa kuuza matikiti kando ya barabara anaruka kutoka kwa stuli yake, "Uuuwi!"

Waliponivuta nje, mbegu kwa masikio, nikanyoosha kidole. "Ni hapa."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Atieno hakucheka, akashuka, akatembea ile kona mara mbili akigusa kokoto na mguu. "Asante Mzee. Hatutasahau."

Siku ya pili ya mbio nilisimama palepale na akala zangu, roho mkononi. Wakaja kama upepo, na kabla ya kokoto wote sita wakapunguza pamoja, wakapita kwa ukingo kama maji kwa mfereji, hakuna hata mmoja aliyeyumba. Na Atieno, na mbio zile zote, akanyoosha kidole pale nilipoangukia. Sasa ndio akacheka.

"Mzee," mama wa matikiti akaniuliza, "leo umekuja na breki?"

Nikainua mguu aone. Vile viatu vingine vitangoja harusi ingine, ama mazishi yangu, lakini mteremko havitauona tena.