Kesi ya Njia ya Mtoni

Kesi ya mama yangu na mjomba ilikuwa na umri wa miaka sita na haijasikizwa hata siku moja. Ilikuwa ikitajwa tu. Tunapanda kortini Meru, karani anasoma namba, mawakili wanasimama, tunapewa tarehe nyingine, tunarudi Nkubu. Mimi nilikuwa mwalimu kule Kaaga, na kila mara ilibidi niombe ruhusa. Kusema kweli, nilikuwa nimeichoka kuliko mama.

Baada ya babu kufa, mjomba alifunga kwa seng'enge njia ya kwenda mtoni. Mama alikuwa amerudi kwa wazazi wake zamani, ndoa ilipovunjika, nami nikalelewa pale. Sasa kila ndoo ya maji ilizungukia barabara ya lami.

Siku moja hakimu akaamua twende kwanza kwa msuluhishi. Nilitamani kujua huyo ni mnyama gani. Nikakuta chumba kidogo kisicho na kizimba, na bwana mpole, mgeni wa huku, akimimina chai. Alisema tutakayoyasema humo hayatamfikia hakimu. Kisha akatusogezea vikombe.

Hakuna aliyegusa. Akadhani tunaona haya, akaongeza sukari. Kwetu, ukila au kunywa na mtu mnayeshtakiana naye, umemsamehe na kesi imekwisha. Mjomba, aliyetoka nyumbani na njaa, alikikodolea macho kikombe mpaka nikamhurumia. Nikamnong'oneza yule bwana. Alicheka, akaitoa chai nje mwenyewe, na aliporudi nilikuwa nimeshampenda.

"Mama, wewe unataka nini?" akauliza.

Miaka sita hakuna aliyemuuliza hivyo. Mawakili walimuuliza hati ziko wapi.

Mjomba akadakia. "Kama ni njia, mimi nampatia. Hata leo natoa hiyo waya."

Nilishusha pumzi, nikashika mkoba wangu.

"Sitaki kupatiwa," mama akasema.

"Sasa unataka nini, dada?"

"Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu mimi ni mgeni hapo. Mgeni ni siku mbili. Mimi nimeshika jembe hapo maisha yangu yote. Sema mimi ni nani."

Sikujua kuwa ni neno hilo. Miaka yote hiyo nilidhani tunagombania maji, na niliona aibu.

Mjomba akamgeukia. "Wewe ni mtoto wa baba," alisema. "Kama mimi tu."

"Hiyo maneno iandikwe," mama akamwambia msuluhishi.

Bwana yule akaeleza kwamba fomu ina nafasi ya masharti tu: waya itolewe lini, njia iwe na upana gani.

"Andika hapo chini."

Akaandika. Mama alipopewa kalamu aliupita mstari wa sahihi, akashuka mpaka kwenye sentensi ile, akaandika jina lake kando yake, herufi moja moja. Kisha akamsukumia kaka yake kalamu, akashikilia karatasi isiteleze mpaka naye alipomaliza.